Gemu ikikwama: kosa ni la simu, la mnara au la baharini?

Kijana anayecheza Free Fire pale Kawe, Dar es Salaam, na mwenzake aliyeko kijijini Kilosa wana lalamiko moja: gemu inakwama. Adui anaruka kutoka mlangoni hadi dirishani bila kutembea. Unabonyeza kufyatua, risasi inatoka ukiwa umeshakufa. Wengi hukimbilia dawa moja, nayo ni kununua bando kubwa zaidi. Mara nyingi hela hiyo inapotea bure, kwa sababu tatizo halikuwa bando.

Neno "kukwama" limebeba magonjwa matatu tofauti. La kwanza ni la simu yenyewe. La pili ni la mawasiliano kati ya simu na mnara. La tatu ni la safari ndefu ya data hadi kwenye seva ya gemu, ambayo kwa kawaida iko nje ya nchi. Mawili ya kwanza mchezaji anaweza kuyapunguza mwenyewe. La tatu ni suala la nchi, na mwezi Mei 2024 Tanzania ililiona waziwazi.

Simu ikichoka

Gemu ni picha nyingi zinazochorwa haraka, moja baada ya nyingine. Simu yenye nguvu huchora picha 60 kwa sekunde, na 30 bado zinatosha kucheza. Zikishuka sana chini ya hapo, jicho linaanza kuona mikatiko.

Kipimo chake ni rahisi. Simama mahali pamoja ndani ya gemu, kisha geuza macho ya mchezaji wako kushoto na kulia. Kama hata kugeuka huko kunakatikakatika, simu ndiyo iliyolemewa. Kama unageuka vizuri lakini wachezaji wengine wanarukaruka, tatizo ni mtandao.

Simu hulemewa kwa sababu zinazojulikana. Ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike, kwa hiyo kucheza ukiwa unachaji, au simu ikiwa juani, ni kuitafutia uzito. Hali ya kubana matumizi ya betri nayo hupunguza kasi. Funga programu nyingine, futa video usizozihitaji kama nafasi imejaa, kisha ingia kwenye mipangilio ya gemu ushushe ubora wa picha. Bando halitibu lolote kati ya haya.

Kati ya simu na mnara

Gemu nyingi huonyesha juu ya kioo namba inayofuatwa na herufi "ms". Wachezaji huiita pingi. Ni muda ambao ujumbe wa simu yako unatumia kwenda kwenye seva na kurudi, ukipimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Chini ya 100 unacheza kwa raha. Ikipita 200 unaanza kuchelewa. Ikipita 300, umeshapigwa kabla hujaona.

Fikiria kuteka maji. Bando ni ukubwa wa pipa la nyumbani, pingi ni muda wa kwenda kisimani na kurudi. Pipa kubwa halifupishi njia ya kisimani. Tena gemu ikiwa inachezwa hutumia data kidogo, mara nyingi makumi ya MB kwa saa. Kinachokula bando ni kupakua masasisho yake.

Mjini, adui ni msongamano. Jioni, watu wa mtaa mzima wa Kawe wanapofungua video kwa pamoja, mnara uleule unagawana wote. Kijijini, adui ni umbali. Simu ikiwa mbali na mnara hushuka kutoka 4G hadi 3G au 2G, na hapo pingi hupanda hata kama bando limejaa. Angalia alama hiyo juu ya kioo kabla ya kununua chochote. Sogea mahali pa wazi au palipoinuka, au jaribu asubuhi na mapema. Gemu ikikuruhusu kuchagua seva, chagua yenye pingi ndogo.

Kagua pia VPN. Tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, watu wengi wana programu hizo kwenye simu zao. VPN huipeleka data yako kwanza kwenye seva nyingine, pengine bara jingine, ndipo iende kwenye gemu. Ikibaki imewashwa, mara nyingi safari inarefuka.

Chini ya bahari

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake, kila kilomita 1,000 za mkongo zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva ikiwa mwisho wa mkongo wa kilomita 10,000, umeshapoteza milisekunde 100 kabla ya mnara na simu kuongeza zao. Hakuna simu ya bei mbaya inayoweza kufuta umbali huo.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili inayofika Dar es Salaam, Seacom na EASSy, ilipata hitilafu katika bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ilikuwa tayari imekatika upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Data ikalazimika kubanana kwenye njia chache zilizobaki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, hata ubalozi wa Marekani jijini ukafunga huduma zake kwa siku mbili. Kenya nayo iliyumba, lakini ilikuwa na mikongo mingine Mombasa, ukiwemo TEAMS unaokwenda Fujairah. Ukarabati ulichukua zaidi ya wiki mbili.

Siku zile, aliyenunua bando kubwa na aliyenunua dogo walikwama pamoja. Aliyetuma pesa kwa menyu kama *150*00# hakuhitaji intaneti, kwa kuwa menyu hiyo hupita njia ya mtandao wa simu wenyewe. Lakini mkulima anayetafuta bei ya mahindi mtandaoni na mwanafunzi anayefungua masomo walikuwa kwenye foleni moja na mcheza gemu.

Kwa hiyo malalamiko ya vijana wa gemu yasipuuzwe. Wao huona kuchelewa kwa sehemu ya sekunde, kabla sisi wengine hatujagundua. Dawa ya kudumu ni njia nyingi zaidi za kutoka nchini, na mkongo mpya wa 2Africa umefikishwa Dar es Salaam. Nyingine ni huduma na seva nyingi zaidi kuwekwa hapahapa, ili data ya Kawe kwenda Kilosa isilazimike kuvuka bahari.

Mpaka hapo, jioni ya leo gemu ikikwama, geuza kwanza macho ya mchezaji wako, soma pingi, angalia kama uko 4G. Ukishajua ugonjwa ni upi, ndipo uamue kama hela ya bando itoke.