Moyo wa kutafuta kazi unatoka wapi?

Wandugu, hapa Piana-Mwanga tunasikia kila siku: vijana wetu hawana moyo wa kutafuta kazi. Mimi nasema hapana. Moyo wanao. Kinachokosa ni kitu cha kuushikilia.

Tuangalie santrali yetu ya Luvua. Ilijengwa miaka ya 1930 juu ya kupeleka umeme kwenye mini za Géomines kule Manono. Kazi iliposimama, mushahara ulipotea, na ujuzi nao ulibaki bila mtu wa kuushuhudia. Mzee aliyejua tirbini vizuri kabisa, asipokuwa na karatasi, angejionyesha wapi? Na mtoto aliyemuona baba yake akikaa bule, angeamini nini?

Leo wote tunazungumza litiumu ya Roche Dure. Lakini tumeona kampuni zikishitakiana juu ya kibali, na watu wakingoja mwaka juu ya mwaka. Habari ya kusikia haijengi moyo. Inauchosha tu.

Kinachojenga moyo ni vitu vitatu. Cha kwanza ni karatasi. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inasema kazi ikiisha, kwa sababu yoyote, patro anapaswa kutoa sertifika inayoonyesha kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Na mtu wa kazi ya siku kwa siku, akitimiza siku 22 ndani ya miezi miwili na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Wangapi kati yetu tunajua hii?

Cha pili ni ufundi unaotembea. Kujua kuchota udongo kunakusaidia kwenye shimo moja. Kujua kuchomelea chuma ao kutengeneza moteri kunakusaidia Kalemie, Kolwezi, fasi yoyote.

Cha tatu ni mulango wazi. Kampuni ibandike ukutani: kazi gani, watu wangapi, wanaombwa kujua nini. Kijana akikataliwa na kuelezwa sababu, atarudi amejifunza. Akiona wanaingia wenye ndugu mu biro tu, kesho hatajaribu tena, na hatuwezi kumuita mvivu.

Mbili za kwanza tunaweza kuanza sisi wenyewe. Basi, siku unamaliza kazi, hata ya miezi mitatu, usitoke pale bila sertifika yako mukononi.