Bure Si Ovyo

Mwandishi mmoja amechapisha hoja, nami naifupisha bila kuipunja: programu huria za muziki kwenye Linux ni za kuchezea, sauti huchelewa, matoleo mapya hayaishi, na kwa kuwa ni za bure hakuna wa kuwajibika.

Matoleo hayaishi? Ndiyo, na heri. Chukua Ardour, programu huria ya kurekodi na kuhariri muziki: Ardour 7 ilitoka Oktoba 2022 na uwezo wa kuanzisha vipande vya muziki papo hapo. Ardour 8 ikafuata Oktoba 2023. Aliyeridhika na ya zamani hakuna anayemvamia usiku kumwekea mpya. Anayelipia programu kila mwezi ajaribu kusema hivyo.

Kichekesho ni hilo la bure. Mwandishi hata kuipakua hajajaribu! Ardour iliyo tayari kusakinishwa huuzwa na mradi wenyewe. Kilicho wazi kwa wote ni msimbo wake. Na Harrison, watengenezaji wa mitambo ya kuchanganyia sauti ya studio kubwa, walipotaka programu yao walijenga juu ya nini? Mwaka 2009 walitoa Mixbus, na ndani yake imo Ardour hiyohiyo. Labda nao walikuwa wanacheza.

Kuchelewa kwa sauti? Tangu Linux 6.12 ya Novemba 2024, PREEMPT_RT, mfumo wa kuifanya kompyuta ishughulikie kazi zisizosubiri kama sauti kwa wakati wake, imo ndani ya kiini chenyewe. Hoja hiyo imechacha.

Kweli, baadhi ya programu-jalizi hutengenezwa kwa Windows na Mac tu. Walaumiwe waliozitengeneza. Mwandishi asakinishe kwanza, arekodi wimbo mmoja, ndipo atuandikie.