Taa Bila Risasi: Kuwajibu Wanaosema Haiwezekani

Runinga za QLED zimefika hadi Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Ndani ya skrini hizo mna nukta za kwanta, yaani fuwele za nanometa chache zinazopokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani au mwekundu safi. Kundi jipya linalotaka kuingia sokoni ni la perovskaiti, aina ya fuwele. Mwaka 2015, timu ya Maksym Kovalenko huko Zurich ilitengeneza nukta za sesiamu, risasi na halojeni zenye rangi kali ajabu: klorini huleta buluu, bromini kijani, ayodini nyekundu. Tatizo ni hiyo risasi, madini yenye sumu, na wanaoitetea wana maneno yao.

"Risasi yenyewe ni kidogo mno." Kwa kifaa kimoja, kweli ni kidogo; betri ya gari ina kilo kadhaa. Lakini ipime fuwele yenyewe: ile ya bromidi, takriban asilimia 36 ya uzito wake ni risasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya umeme huweka kikomo cha asilimia 0.1 katika kila malighafi ya kifaa. Tena betri iliyokufa haikai jalalani, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo na kuondoka nayo. Skrini iliyopasuka nani atainunua? Itatupwa, na mvua ya milima hii, inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, itainyeshea. Fuwele hizi ni chumvi. Maji yakizipata huvunjika, na risasi iliyomo hutoka ikiwa tayari kuyeyuka. Watafiti waliopanda minti kwenye udongo wenye risasi ya perovskaiti walitangaza mwaka 2020 kwamba mmea uliifyonza kwa wepesi mara kumi kuliko risasi iliyokuwamo udongoni kutokana na shughuli nyingine za binadamu. Sisi tunapanda mboga za managu na chinsaga popote palipo na kipande cha ardhi, hata kando ya taka.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kenya tulijifunza hilo Owino Uhuru, Mombasa, kwenye kiwanda cha kuyeyushia betri kilichofungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi humo, na mtoto wake akapatikana na risasi mwilini. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, miaka sita baada ya kiwanda kufungwa. Skrini si tanuri, najua. Ila watakaoumia kwanza ni walewale, watoto.

"Basi weka bati mahali pa risasi." Bati hubadilika likikutana na hewa, fuwele ikaharibika, na nukta zake za kwanza, za mwaka 2016, ziling'aa kwa shida. Mwaka huohuo jaribio la samaki wadogo lilionyesha kwamba ayodidi ya bati huwaua kwa tindikali inayoachia majini.

"Bila risasi hakuna mwanga wa maana." Hili ndilo linaloniudhi, maana lina jibu tangu 2018. Watafiti wa Wuhan walichanganya sesiamu, fedha, sodiamu, indiamu na chembe ya bismathi, wakapata mwanga mweupe wa rangi ya joto, ufanisi ukiwa karibu asilimia 86, nao ukadumu zaidi ya saa 1,000. Mwaka huohuo Wajapani walionyesha kampaundi ya shaba na ayodini inayotoa buluu kwa nguvu. Ni kweli ule mweupe umetawanyika rangi, kwa hiyo unafaa balbu kuliko skrini, na indiamu ni adimu. Ni kweli pia kwamba ufanisi huo ulikuwa wa unga, na kuushusha hadi ukubwa wa nukta ni kazi nyingine. Lakini kazi ngumu haifanyi jambo lisiwezekane.

"Ikishaandikwa haina risasi, imetosha." Haijatosha. Saa 1,000 kwa familia inayowasha taa saa 5 kila usiku ni usiku 200, na taa nyingi za sola hapa hulipwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima au zaidi. Taa ikififia deni lingali, mnunuzi amepata hasara na jalala limepata taka. Anayedai ana nukta imara atuonyeshe vipimo vya joto na unyevu kama wa huku, na asitupe vya maabara kavu peke yake.

"Hayo ni mambo ya Ulaya." Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamfanya mzalishaji na mwagizaji awajibike kwa bidhaa hata ikishakuwa taka. Keroka ina haki ya kumuuliza kilichomo ndani. Kaunti hizi mbili zimevutana miaka mingi kuhusu ushuru wa soko la Keroka. Ziketi pamoja pia kuhusu taka zake za elektroniki, kabla shehena ya kwanza ya perovskaiti haijashushwa.