Magari ya Wajapani na Maneno ya Kazi

Mara si haba, ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule za upili, husimama mmoja wao akauliza: Je, Kiswahili kinaweza kuunda gari? Swali hilo huzua kicheko, na aliyeuliza huketi akijiona keshashinda. Mimi hulichukua kwa uzito, maana jibu lake nimelisikia kwa masikio yangu katika nchi yenye sifa ya kuunda magari, ingawa si kiwandani nilikolisikia bali katika ukumbi wa maonyesho.

Mnamo Januari 2019, nikiwa Japani kwa shughuli za utafiti, nilipata kibarua cha siku tatu cha kumsaidia mpiga picha aliyekodiwa na gereji moja katika maonyesho ya Tokyo Auto Salon. Maonyesho haya yalianza mwaka 1983, na ijapokuwa jina ni la Tokyo, hufanyika Makuhari Messe, katika mji jirani wa Chiba. Aghalabu magari yaletwayo huko yamefanyiwa marekebisho: yameteremshwa yakakaribia kulamba sakafu, yamepanuliwa madigadi, yametiwa injini zenye nguvu maradufu. Mwaka huo, katika siku hizo tatu, waliohudhuria walizidi 330,000. Msomaji aliyewahi kugombania matatu jioni ya mvua atakisia jinsi nilivyopenya na begi la lenzi mgongoni.

Kupiga picha gari ni sawa na kupiga picha kioo. Rangi iliyong'arishwa huonyesha kila kilicho mbele yake: taa za darini, bango la jirani, watazamaji, hata mpiga picha mwenyewe na kitambi chake. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Tulifuta vumbi, nalo likatua upya. Tuligeuza magurudumu ya mbele ili uso wa rimu uelekee kamera. Mwenyewe alizungusha kichujio cha lenzi polepole mpaka mng'ao wa kioo cha mbele ukafifia na viti vya ndani vikaonekana. Umati ulipoingia, ilibaki kuvizia ule mwanya wa sekunde mbili kati ya mtu anayeondoka na mtu anayefika.

Katika pilikapilika hizo nilisikia neno moja likirudiwa: utsurikomi. Limeundwa kwa vitenzi viwili, kimoja cha kuakisiwa na kingine cha kuingia, na maana yake ni taswira ya kitu kingine iliyojipenyeza katika picha bila kualikwa. Bwana mkubwa alipolitamka, watu wanne walikwenda mbio: huyu akisogeza bango, yule akiinua kitambaa cheusi, mwingine akipunguza taa. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba istilahi si pambo la wasomi, ni kifaa cha kazi kama kilivyo spana. Kwa Kiswahili mimi ningeiita hali hiyo mdukizo, kutokana na kudukiza.

Asidhani mtu kwamba Wajapani wameitakasa lugha yao. Gari wanaliita jidosha, yaani chombo kijiendeshacho, lakini ukifungua mlango wake utakutana na maneno ya kukopa tele. Usukani ni handoru, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpini, wala Mwingereza hauiti usukani hivyo. Kioo cha mbele ni furonto garasu, nusu Kiingereza na nusu Kiholanzi. Hawaoni haya hata kidogo. Nasi tulifanya vivyo hivyo: usukani tuliutoa chomboni baharini, gari likatujia kutoka Bara Hindi, na mafundi wetu wakajipatia breki, gia, klachi na rejeta bila ya kungoja kamati.

Tofauti ni kwamba maneno yetu hukwama kwenye lango la gereji. Kijana wa Japani husoma kitabu cha ufundi kwa lugha ile ile anayokaripiwa nayo na mkuu wake. Wa kwetu hufundwa na fundi kwa Kiswahili, kisha akatahiniwa kwa Kiingereza, na akianguka tunasema hana kichwa. Nimewaona vijana wa aina hiyo, wenye mikono ya ajabu na vyeti hafifu, na sikubali kwamba kosa ni lao.

Mwenzangu mmoja hunijibu kwamba Japani ina fedha na wasomaji wa kununua vitabu. Fedha, naam. Lakini watu wa Japani ni kama milioni 124, ilhali UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Na hata gari kuukuu linaloshushwa Mombasa haliachi lugha yake bandarini: wengi wenu mmeisikia sauti ile ya kike inayomwarifu dereva, kila awashapo injini, kwa Kijapani safi, kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi madaftari muwapeleke gereji iliyo karibu, na kwa yule mpiga picha wa harusi pia. Waandike kila jina la kila kifaa na kila tendo, pamoja na sentensi lililotumiwa.

Liko neno moja ambalo mimi limenishinda. Wiki moja baada ya maonyesho tulipiga picha gari likienda kasi. Kamera hulifuata gari, kilango cha lenzi kikikaa wazi kwa muda wa kama sehemu moja ya 60 ya sekunde, hivi kwamba gari hutokea wazi na mandhari yote nyuma yake yakawa kama maji. Wajapani huita nagashidori, upigaji wa kutiririsha. Nimejaribu majina matatu na hakuna lililokaa vizuri mdomoni. Mwenye pendekezo na aniandikie.