Heshima ya Gari Si ya Mwenye Gari



Ndugu wapendwa, Afrika Mashariki ina kabila moja lisilo na kijiji wala lugha yake. Ni Wabenzi. Jina hilo lilizuka baada ya uhuru, wananchi walipowaona baadhi ya waliokabidhiwa madaraka wakipita ndani ya magari ya Mercedes-Benz, wakawaundia kabila kwa kiambishi kile kile kinachotupa Wapemba na Wachaga. Lilikuwa jina la kejeli, lakini kejeli haikutuponya. Wabenzi wengi wamekwisha kuhamia kwenye mashangingi na Range Rover, na sisi tungali tunainama pale pale. Hapa Wawi, kama kwingineko, gari la fahari likiingia uwanjani watoto hutimuliwa njiani, kiti cha mbele hupanguswa, na mtu tusiyeijua hata tabia yake huitwa mheshimiwa kabla hajafungua mlango.

Tunauliza: heshima hiyo ni ya nani hasa?

Umbo la gari halikuota kama mkarafuu. Lilichorwa. Mwaka 1927 kampuni ya General Motors ya Marekani ilimpa Harley Earl idara maalumu ya kushughulikia sura na rangi za magari. Earl na wenzake waliyafinyanga magari mazima kwa udongo, wakikwangua hapa na kuongeza pale, kabla bati lolote halijakunjwa. Na njia hiyo ya udongo ingali inatumika. Msanifu wa gari la kifahari anajua anachokifanya. Akiinua boneti, gari huonekana lina kifua. Akisimamisha wavu wa mbele wima, hufanana na lango la ngome. Akizibana taa, hugeuka macho makali ya mtu asiyetaka kuulizwa. Basi ile hofu inayotushika kando ya barabara ilikusudiwa. Ilipimwa kwa sentimita na watu wasiotujua.

Ikiwa ni hivyo, sifa ya umbo ni ya aliyelichora. Mwenye gari alitoa fedha tu, na mara nyingine fedha hizo zilikuwa zetu sote. Kumheshimu kwa ajili ya mabega ya gari lake ni kama kumsifu mnunuzi wa kanzu kwa ushoni wa fundi.

Lakini wasanifu nao wana la kujibu. Earl alikuwa miongoni mwa waliouzoesha ulimwengu desturi ya kubadili sura ya gari mwaka hadi mwaka, ili la jana limtie mwenyewe aibu na atamani la leo. Hapo ufundi uligeuzwa kuwa kiwanda cha kutoridhika. Tunalisema hili bila kuficha: anayechora kitu kwa nia ya kumfanya jirani ajione duni hatumii vema kipaji alichopewa, hata mkono wake ukiwa mwepesi kiasi gani.

Wala asituambie mtu kwamba hakuna njia nyingine. Bruno Sacco, mzaliwa wa Udine nchini Italia, aliingia Daimler-Benz mwaka 1958, akaongoza usanifu wa magari ya Mercedes-Benz tangu mwaka 1975 hadi mwaka 1999, na akafariki mwaka 2024. Yeye alishika kanuni kwamba gari jipya lisilifanye lililotangulia lionekane limechakaa. Yote yatambulikane kuwa ndugu. Chini ya uongozi wake lilitoka gari kubwa la S la mwaka 1979 na lile dogo la 190 la mwaka 1982. Na lilipokuja S jingine mwaka 1991, pana na refu kwenda juu, Sacco mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilizidi kimo kwa kiasi cha sentimita 10. Aliyelisimamia gari alithubutu kusema limepita kiasi. Sisi tunaolitazama tu hatuthubutu! Na jambo la kustaajabisha: tuliwapachika Wabenzi jina, tukawaogopa, tukawaonea wivu, wala hatukuuliza hata siku moja jina la aliyeyachora magari yao.

Maandiko Matakatifu hayana desturi hiyo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, mafundi wa hema takatifu wanatajwa kwa majina, Bezaleli na Oholiabu, na ustadi wao unahesabiwa kuwa karama ya Mungu. Kwa hiyo atakayetuambia kwamba tunauchukia uzuri ametusikia vibaya. Uzuri wa umbo ni kitu chema. Tunachokikataa ni uzuri kukodishwa ili uwe cheo cha mtu.

Kanisa nalo limo katika hadithi hii. Papa Pius XI alipokea gari la Mercedes-Benz mwaka 1930, na Papa Paulo VI akapokea jingine, refu la aina ya 600, mwaka 1965. Ndiyo maana maneno ya Papa Fransisko ya Julai 2013 yaliwachoma wengi, alipowaambia waseminari na wanovisi kwamba humuuma kumwona padre au mtawa ndani ya gari la toleo jipya kabisa. Miezi michache baadaye alikubali zawadi ya Renault 4 ya mwaka 1984. Hakuna aliyemwona mdogo kwa sababu hiyo.

Tutazame basi kisiwani kwetu. Seremala anayejenga bodi ya mbao juu ya lori dogo ili libebe abiria naye ni msanifu. Amepanga mabenchi ubavuni ili watu watazamane. Ameacha pembeni wazi ili upepo upite. Juu ameweka nafasi ya mikungu ya ndizi na magunia ya karafuu. Kioo cheusi cha gari la fahari kimekusudiwa kumficha aliye ndani; benchi la mbao limekusudiwa kutukutanisha, Mwislamu na Mkristo, magoti kwa magoti. Ni usanifu upi ulio bora kwa mwanadamu? Na ni nani kati yetu anayelijua jina la seremala huyo?

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaomkalisha mahali pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini kando. Siku hizi pete ina magurudumu manne. Kwa hiyo tunasihi mambo matatu. Kanisani, anayeshuka kwenye gari na anayefika kwa miguu wakae kadiri walivyowahi. Kwenye harusi, familia isikope fedha kwa ajili ya kukodi umbo la saa mbili, ikabaki na deni la miaka. Na gari zuri likipita, tulisifu kwa haki: tuseme limechorwa vizuri, kisha tumsalimu aliyemo kama tunavyomsalimu kila mtu, kwa kuwa yeye naye ni mwanadamu tu.