Ujasiriamali wa kijamii usomeshwe, lakini usigeuzwe kisingizio

Mwezi Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10. Walitakiwa kuteua mmojawapo wa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Swali lililotangulia mengine yote vinywani mwa wazazi lilikuwa lile lile la tangu hapo: mtoto akisomea haya, atapata kazi gani?

Swali hilo ni la haki na mwalimu hana budi kulijibu. Jibu lililozoeleka, kuanzia majukwaa ya wanasiasa hadi hotuba za mahafali, ni kwamba kijana asitafute kazi bali aibuni. Miongoni mwa taaluma zinazopigiwa debe kwa sababu hiyo ni ujasiriamali wa kijamii, hasa ule unaotegemea ubunifu na sanaa. Inafaa kwa hivyo kuuliza taaluma hii ni nini, inamfikisha wapi anayeisomea, na mpaka wake ni upi.

Tuanze na neno lenyewe. Ujasiriamali limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili, jasiri na mali. Mjasiriamali, basi, ni mtu anayethubutu kuitosa mali yake katika shughuli asiyojua mwisho wake. Katika muungano huo jamii haimo, ndiyo maana imebidi iongezwe baadaye kwa kivumishi. Nyongeza hiyo si pambo. Inabadili kipimo cha ufanisi. Mfanyabiashara wa kawaida huulizwa amepata faida kiasi gani, ilhali mjasiriamali wa kijamii huulizwa maswali mawili kwa pamoja: je, shughuli yako inajilipa, na je, ni tatizo gani la watu ambalo limepungua kwa sababu yake? Akishindwa kujibu la kwanza, anaendesha shirika la misaada. Akishindwa kujibu la pili, ana duka tu.

Ifahamike kwamba jambo hili si geni nchini, ijapokuwa jina lake ni jipya. Shirika la Ashoka, lililochangia mno kulieneza jina hilo duniani, lilianzishwa na Mmarekani Bill Drayton mwaka 1980. Lakini karakana za Bombolulu, kule Mombasa, zilikuwa zimekwisha kufunguliwa mwaka 1969. Humo watu wenye ulemavu wa viungo hutengeneza mapambo, nguo na bidhaa za ngozi na mbao kwa ajili ya kuuzwa. Mnunuzi hatoi sadaka, bali hulipia kitu kizuri alichokipenda. Hapo ndipo ubunifu unapoingia. Kama mkufu haupendezi, huruma pekee haitamrudisha mnunuzi mara ya pili.

Mfano mwingine ni Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Wenyeji wa Gazi na Makongeni huhifadhi takriban hekta 117 za mikoko. Kwa kuwa mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi ardhini kwa wingi, kiasi kinachozuiliwa hupimwa, huthibitishwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mapato yametumika katika mambo kama vile maji na shule za vijiji hivyo. Watu waliokuwa wakiitegemea mikoko kwa kuni na boriti wamepata sababu ya kuiacha isimame.

Sasa tuutazame mradi huo kwa jicho la mwanafunzi anayetafuta kazi. Sharti awepo mtu wa kupima miti, na huyo amesomea biolojia au misitu. Sharti awepo mtunza hesabu. Sharti awepo anayeielewa sheria, na anayejua kuitisha baraza la kijiji na kuliongoza hadi watu wakubaliane juu ya matumizi ya fedha. Tena sharti awepo wa kuandika ripoti ambayo mnunuzi wa ng'ambo ataisoma na kuiamini, ilhali mjadala uliozaa ripoti hiyo umeendeshwa kwa Kiswahili na Kidigo. Mimi kama mwanaisimu siwezi kulipita jambo hili kimya. Mradi wa kijamii hufa pale wenye mali wasipoelewa lugha ya karatasi zinazowahusu. Mfasiri na mwandishi hodari ana kazi hapo, sawa na mhasibu.

Hizo ndizo ajira ambazo taaluma hii inaweza kumfikisha mtu: usimamizi wa miradi katika mashirika ya umma na ya kiraia, uendeshaji wa vyama vya ushirika, idara za kaunti zinazoshughulikia utamaduni, vijana na biashara ndogo ndogo, vituo vya sanaa, utafiti, na mawasiliano. Kuanzisha shirika lako mwenyewe ni mojawapo tu ya njia hizo, wala si iliyo nyepesi.

Hata hivyo, kuna ukweli usiotajwa sana. Wengi wa wale tunaowapa wanafunzi kama vielelezo hawakuusomea ujasiriamali. Muhammad Yunus, aliyeasisi Benki ya Grameen nchini Bangladesh na kutunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2006, alikuwa mwalimu wa uchumi chuoni. Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Nobel hiyo mwaka 2004, alikuwa msomi wa anatomia ya wanyama. Ushahidi, programu iliyobuniwa mwaka 2008 ili kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi wetu wa Desemba 2007, ilitokana na ushirikiano wa mwanasheria Ory Okolloh na wenzake waliobobea katika teknolojia. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika nchini Haiti kufuatia tetemeko la ardhi.

Je, ina maana kwamba somo hili halifai kusomeshwa? La hasha. Maana yake ni kwamba haliwezi kusimama peke yake. Wahenga walisema jasiri haachi asili, na asili ya mbunifu ni kitu fulani anachokijua kwa undani: muziki, udongo, sheria, lugha au hesabu. Ujasiri bila ujuzi huo ni kamari. Chuo kinaweza kumfundisha kijana kupanga bajeti, kuchunguza mahitaji ya watu kabla ya kuwaamulia, na kuchagua umbo la kisheria. Uchaguzi huo si mdogo, kwa maana kampuni, chama cha ushirika na kikundi cha kijamii kilichosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2022 havitawaliwi kwa kanuni sawa. Vivyo hivyo mashirika ya manufaa ya umma, ambayo Sheria yake ya mwaka 2013 ilianza kutumika mwaka 2024 pekee. Haya yanafundishika. Lile tatizo linalomkosesha kijana usingizi hadi alitafutie dawa, hilo halipatikani katika mhadhara.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Kauli ya "jibunieni kazi" inaweza kugeuka kisingizio. Serikali ikishindwa kuajiri walimu wa kutosha, haifai kumwambia aliyehitimu ualimu kwamba kosa ni lake kwa kutokuwa mbunifu. Mjasiriamali wa kijamii huziba pengo, lakini hawezi kuwa mbadala wa hospitali, barabara na shule. Hata Mikoko Pamoja haikuota yenyewe kama uyoga. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kazi ya wanasayansi, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo ni taasisi ya umma. Mahali ambapo umma haujapanda, kijana mmoja mwenye cheti hatavuna.

Kwa walimu, basi, nashauri hivi. Mtaala wenyewe umetenga mafunzo ya huduma kwa jamii katika shule za sekondari ya juu. Yasiishie katika kuokota takataka sokoni mara moja kwa muhula na kupiga picha. Wanafunzi waulize takataka hizo zinatoka wapi, nani anaumia, nani anafaidika, na ingegharimu shilingi ngapi kuziondoa kila wiki mwaka mzima. Waandike majibu kwa Kiswahili ambacho mama muuza mboga atakielewa, kisha wamsomee ili awakosoe.

Kwa wanafunzi, chagueni kwanza fani mtakayoijua barabara, ndipo muongeze ujasiriamali juu yake. Mkiulizwa na wazazi ni kazi gani, msijibu kwa jina la kozi. Wajibuni kwa kutaja tatizo mnalotaka kulipunguza, nani atalipia kazi hiyo, na kwa nini. Asiye na majibu hayo bado ana kazi ya kufanya kabla ya kwenda kusajili shirika.