Mbio za Magari ya Rimoti Zianze na Bisibisi

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, hususan siku za kukaribia sikukuu, hakosi kuona magari madogo ya plastiki yaendeshwayo kwa rimoti yamepangwa mbele ya maduka. Wanunuzi wake si wakazi wa Dar es Salaam peke yao. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, waliozoea kuvuka maji kuja kununua bidhaa sokoni hapo, nao hurudi nayo makwao yakiwa zawadi kwa watoto. Mzazi hutoa fedha zake kwa moyo mkunjufu. Mtoto hufurahi siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu jino la gia huvunjika, na zawadi ile huishia jalalani.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuwalaumu wafanyabiashara. Tunaandika kwa sababu ndani ya kitu hicho kinachodharauliwa umo mchezo wa heshima, yaani mbio za magari ya rimoti, na ndani ya mchezo huo imo shule ya ufundi. Lakini shule hiyo haifunguki kwa kila gari linalonunuliwa.

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha mbao. Ilipotaka kutengeneza gari dogo la Porsche, mafundi wake walinunua Porsche ya kweli na kuifungua vipande vipande ili waielewe. Mwaka 1976 likatoka gari lao la kwanza la rimoti, lililouzwa likiwa vipande ili mnunuzi alifunge mwenyewe. Ilipofika mwaka 1985, mchezo huo ulikuwa umekua kiasi cha kufanyiwa mashindano ya dunia ya magari ya umeme ya njia za vumbi, huko Del Mar, California. Kwa hiyo Tamiya walianza kwa kufungua na kufunga.

Anayetaka kuanza leo afahamu kwamba magari haya ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kuchezea tu. Mitambo yake yote imebandikwa katika kibao kimoja, usukani wake hukata kona moja kwa moja bila kadiri, na vipuri vyake havipatikani. Aina ya pili ni ya mashindano. Mota yake, kipokezi cha mawimbi, kidhibiti mwendo, mtambo wa usukani, shokapu na gia, kila kimoja hufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Kabla ya kuuliza gari linakwenda kasi gani, mnunuzi na aulize swali moja tu: likivunjika mkono wa gurudumu, nitapata wapi mwingine? Muuzaji asiye na jibu amekwisha kujibu.

Kwa anayeanza, gari la umeme lenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli linatosha. Mota yake na iwe ya kawaida, si ile yenye kasi kubwa, kwa maana kasi asiyoweza mtu kuitawala humvunjia gari na kumkatisha tamaa. Rimoti nayo iwe ya mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo huunganishwa na gari lake pekee. Zile za zamani za megahezi 27 zilikuwa na ila kubwa: magari mawili yakiwa katika chaneli moja, kila mmoja humharibia mwenzake. Jioni za mwanzo zitumike kuzungusha gari taratibu kati ya makopo mawili, kwenda na kurudi, hadi mkono uzoee kwamba gari linapomjia dereva, kulia kwake huwa kushoto kwa gari. Baada ya kila zoezi, gari lipanguswe vumbi na skrubu zikaguliwe.

Katika jambo la betri hatutaki kuwaficha wazazi. Betri za lithiamu zina nguvu nyingi, lakini zikitobolewa, zikijazwa kupita kiasi au kwa chaja isiyo yake, huweza kuwaka moto. Mtoto asiachiwe kuzijaza peke yake, wala zisijazwe usiku watu wakiwa wamelala. Kwa anayeanza, betri za nikeli zinafaa zaidi.

Watakuwapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Hoja hiyo ina uzito iwapo kila mtoto atanunuliwa gari lake. Lakini vijana kumi wanaweza kuwa na gari moja, wakalifungua pamoja na kuliendesha kwa zamu. Mchezo wenyewe una desturi njema: waliomaliza mbio zao husimama kando ya njia na kuyainua magari ya wengine yanapopinduka. Isitoshe, watoto wetu si wageni wa mambo haya. Mtoto wa pwani aliyechonga ngalawa yake ndogo na kuishindanisha majini anajua kwa nini tanga likizidi chombo hulala. Mwenzake wa Magomeni aliyetengeneza gari la waya anajua maana ya ekseli. Kinachokosekana ni kuwaunganisha na mafundi redio wa Kariakoo na mafundi magari wa Gerezani, ambao elimu yao iko mikononi.

Hapo ndipo tunapoifikia Jangwani. Bonde hili la Mto Msimbazi limetufunza kwa uchungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa bondeni imefurika mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na katika mpango wake imo bustani kubwa ya jiji. Rai yetu kwa wahusika ni kwamba katika bustani hiyo kitengwe kipande kidogo, tuseme mita 30 kwa 20, kwa ajili ya mbio hizi. Hapahitajiki saruji. Ni udongo ulioshindiliwa, mabomba ya plastiki ya kuonyesha mipaka ya njia, na jukwaa la mbao la madereva. Maji yakija, hakuna nyumba ya kubomoka. Yakiondoka, tope chafu litaondolewa na njia itachongwa upya.

Vilevile tunaziomba mamlaka za Unguja na Pemba zisingoje kuiga baadaye. Uwanja wa shule uliokauka unatosha kuanzia. Vyuo vya ufundi stadi, Bara na Visiwani, viwape vijana hawa meza, lehemu na mwalimu jioni moja kwa juma. Gharama yake ni ndogo, na kijana aliyejua kwa nini mota yake imechemka hatakuwa mgeni atakapokabidhiwa mashine ya kweli.

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mzazi anaponunua gari lisilofunguka, amenunua kelele za siku mbili. Ofisa anapochora ramani ya Jangwani bila ya kuwakumbuka watoto, ameacha nyenzo ufukweni. Gari dogo na linunuliwe pamoja na bisibisi yake, na bonde linapopangwa upya, watoto nao wahesabiwe miongoni mwa wenye haki nalo.